Kimya Changu Kilipohesabiwa Ndiyo

Vijana wangu, kuna mmoja wenu aliniambia uso kwa uso, siku mliponialika kuzungumza pale Njombe: "Mama, mimi nimechagua kompyuta kwa sababu sipendi maneno mengi." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mwanangu, nimefanya kazi hii hadi nimestaafu, na msimbo, yale maagizo niliyoiandikia kompyuta, ni kama chumvi kwenye sufuria ya maharage. Maharage yenyewe yalikuwa maneno. Kuuliza, kueleza, kubishana, kuomba radhi, kueleza tena.

Naitwa Yuditha. Nimezaliwa Mahongole, Makambako, ambako upepo hauna adabu: unaanika nguo asubuhi, jioni unazifuata kwa jirani. Nilianza kazi Njombe kama mtunza stoo ya dawa, enzi ambazo kompyuta ya ofisi ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya baba. Nilijifunza kuitumia, kisha nikajifunza kuitengenezea programu, kisha nikajikuta ndani ya mradi wa programu huria unaoitwa Ghala. Programu huria, kwa wale walioingia darasani leo, ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha, na kuwarudishia wenzake alichorekebisha. Ghala ilitunza hesabu za dawa kwenye zahanati ndogo: zilizoingia, zilizotoka, zinazokaribia kuharibika. Sisi tuliitumia kwenye zahanati zetu, na waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wametapakaa duniani.

Hebu fikirini. Watu wanajenga nyumba moja. Fundi wa msingi yuko Ufini, wa paa yuko Bolivia, na wa mlango ni mimi, niko Njombe nimevaa masweta mawili. Hakuna bosi wa kutuita kikaoni. Hakuna ramani ukutani. Nani anajua ni ukuta gani ukiubomoa paa linashuka? Muundo wa programu ndizo kuta hizo. Kuzizungumzia na watu usiowaona, kwa lugha isiyo yako wala yao, ndiko kulikonizeesha, na ndiko kulikonifurahisha.

Barua yangu ya kwanza kwa kundi la mradi niliiandika kama tulivyofundishwa shuleni. Nikasalimia wote. Nikatumaini barua itawakuta wakiwa wazima wa afya. Nikasema mimi sijambo, ila baridi. Nikawashukuru kwa kazi yao njema. Ndipo huko chini, karibu na jina langu, nikauliza kwa nini Ghala inahesabu dawa kwa makopo na si kwa vidonge. Hakuna aliyejibu. Nikaona wananidharau. Kumbe hawakufika kwenye swali.

Aliyeniokoa ni Teo, yule wa Ufini. Teo ndiye aliyekuwa ameshika funguo za mradi, yaani badiliko lolote lilipita mkononi mwake kabla ya kuingia. Aliniandikia pembeni: "Yuditha, barua yako ni nzuri, nimeisoma mara mbili. Lakini wenzetu wanasoma barua wakiwa wamesimama. Weka swali mlangoni. Salamu zikae sebuleni."

Nikaandika upya, swali likiwa mstari wa kwanza. Majibu yakaja kabla sijamaliza chai. Majibu yenyewe sasa! Mmoja alisema ni makopo kwa sababu ya kasi. Mwingine akasema hapana, ni sheria ya nchi fulani. Teo akasema anadhani sababu ilitajwa zamani kwenye chati, kule tunakoandikiana papo kwa papo, na jamaa mmoja ambaye baadaye alioa, akaacha mradi, akaenda kufuga nyuki. Ghala nzima ilikuwa imesimama juu ya neno la mfuga nyuki, na hakuna aliyelikumbuka.

Msidhani ni mradi wetu peke yake. Wanaojenga programu huria wengi hawachori ramani. Wanayajua mambo vichwani, wanaambiana vipande vipande: kipande kwenye barua pepe, kipande kwenye chati, kipande kwenye maoni chini ya msimbo. Mgeni akifika anaokota vipande kama mtu anayeokota viazi vilivyodondoka kwenye lori barabarani.

Na hata pale mtu anapochora, ni balaa lingine. Siku moja Teo alitutumia mchoro. Nilifanya kazi na kaka mmoja mzaliwa wa Ludewa, Kastori, fundi wetu wa kompyuta, mtu wa utani asiyecheka. Kwenye mchoro kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "zahanati" na kingine "seva kuu", ile kompyuta ya katikati inayokusanya hesabu zote, na mshale kutoka zahanati kwenda seva.

"Dada Yuditha," akasema Kastori, "hapa mambo yako wazi. Zahanati inatuma, seva inapokea."

Tukafanya kazi kwa mtindo huo karibu masika yote. Tulipompelekea Teo, akashangaa. Akasema mshale ule haukumaanisha kutuma, ulimaanisha kwamba zahanati "inaijua" seva.

"Inaijua?" Kastori akaniangalia. "Walitambulishana lini?"

Tangu hapo, ofisini kwetu mshale haukuruhusiwa kupita bila kitenzi. Zahanati inatuma. Seva inauliza. Stoo inapunguza. Kama huwezi kuandika kitenzi juu ya mshale wako, bado hujaelewa unachochora, rudi ukafikiri. Shikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau.

Sasa nije kwa Pilar.

Pilar aliingia Ghala miaka ya katikati ya kazi yangu. Alikuwa mwanamke wa milimani Bolivia, mwepesi wa kuandika, mkali kama pilipili kichaa. Ndani ya muda mfupi alikuwa amerekebisha matatizo yaliyotushinda kwa miaka. Teo alimpenda, na kusema kweli hata mimi nilimwonea fahari kwa sababu tulikuwa wanawake wachache mle. Kisha siku moja akaleta pendekezo: tuondoe nakala za zahanati.

Nieleze. Wakati huo kila zahanati ilitunza nakala yake kamili ya hesabu ndani ya kompyuta yake. Mtandao ukiwepo, nakala hiyo ilikutana na ile ya seva kuu, zikapatana. Pilar alitaka nakala iwe moja tu, kwenye seva, na zahanati zote ziulize huko. Sababu aliyoandika ilikuwa fupi: "Nakala za pembeni ni chanzo cha matatizo."

Nikajibu: "Pendekezo hili halifai mazingira yetu."

Akauliza: "Mazingira gani?"

"Mazingira ya vijijini."

"Na mimi nahudumia vijiji. Kukiwa hakuna mtandao, programu itasubiri, mtandao ukirudi itaendelea."

"Haitatosha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mazingira."

Mnacheka, lakini ndivyo tulivyokwenda, barua juu ya barua, wengine wakiingilia, mlolongo ukawa mrefu kama barabara ya Songea. Mwishowe Teo akachoka, akasema tukutane wote kwenye chati, tuandikiane papo kwa papo, tumalize.

Siku ya kikao nilikuwa nyumbani Mahongole. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amepata kipaimara, ua umejaa watu, masufuria yanachemka. Nikajifungia chumbani na laptopu. Nikawasalimu wenzangu, kwa ufupi safari hii, nikaanza kuandika hoja yangu ya kwanza. Mara upepo ukaja. Si ule wa kila siku, huu ulikuja na mabati ya mtu. Nje nikasikia mlio kama mti unavunjika, na watu wakipiga kelele. Nguzo ya umeme ilikuwa imelala barabarani. Umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ilikuwa ya kizee, ikakohoa ikazima. Nikashika simu, na mtandao wa simu nao ukawa umekwenda.

Nikafanya nini? Nikatoka nikala pilau.

Umeme uliporudi kesho yake nilisoma kumbukumbu za kikao. Ziliishia na maneno ya Teo: "Hakuna aliyepinga. Pendekezo limepita. Asante Pilar, asante Yuditha."

Jumatatu Kastori alinikuta ofisini nimeshika kichwa. "Dada, umekubali?"

"Nimekubali lini, Kastori? Iliyokubali ni nguzo!"

Nilikuwa na hasira. Niliandika barua ambayo nashukuru hamtaisoma kamwe. Ilikuwa na maneno kama "ubeberu". Kastori aliisoma juu ya bega langu, akavuta kiti.

"Barua nzuri," akasema. "Ukiituma, tutakuwa tumeshinda maneno na kupoteza Ghala. Pilar ana watu wake. Akiudhika atachukua msimbo aende zake, na ni haki yake, msimbo si uko wazi? Tutabaki na Ghala mbili zilizo nusu nusu. Sisi tutaishi na ipi?"

"Unataka nifanye nini?"

"Toleo la majaribio la Pilar liko tayari. Tulipeleke Lupingu tuone. Tusibishane kuhusu mazingira, twende mazingirani."

Kwa wasiofika huko, Lupingu ni kijiji kando ya Ziwa Nyasa. Kutoka Ludewa unashuka, unashuka, mpaka masikio yanaziba, na ule ubaridi wetu unauvua sweta moja moja. Ilikuwa masika. Gari letu liliteleza likakaa mtaroni kama ng'ombe aliyechoka. Tukawaachia dereva na vijana walichimbue, tukabeba mashine, tukamalizia kwa miguu. Kastori alikuwa anaimba nyimbo za kwaya njia nzima kwa makusudi ya kuniudhi.

Zahanati ilikuwa mikononi mwa muuguzi kijana, Agneta, mrefu, mchangamfu, sauti ya juu.

"Shikamoo mama! Poleni na matope!"

"Marahaba mwanangu. Tumekuletea mgeni." Nikamwonyesha kompyuta yenye toleo la majaribio. Tukaiweka mezani kando ya ile yake ya kawaida.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walijaa mpaka nje. Mtandao wa Lupingu wakati ule ulikuwa kama jamaa wa mjini, hutokea akijisikia. Agneta alianza kazi vizuri. Akampokea mama mmoja mwenye mtoto aliyechemka kwa homa, akampima, malaria. Akafungua programu atoe dawa. Kioo kikaandika: *Inasubiri seva.*

Agneta akangoja. Mtoto analia. Akabofya tena. *Inasubiri seva.*

"Mama," akanigeukia, "hii inamsubiri nani?"

"Seva kuu."

"Na mimi nimsubiri nani?"

Hakungoja jibu. Alifungua kabati, akatoa dawa, akamwelekeza mama namna ya kumpa mtoto, kisha akachukua kalamu akaandika juu ya boksi la dawa alichotoa. Aliyefuata, hivyo hivyo. Mpaka mchana maboksi yalikuwa yamejaa maandishi kama ubao wa shule, na kioo bado kinasubiri. Mtandao haukuonekana siku ile, wala kesho yake, na Agneta alisema mnara wa simu ukiharibika masika hufika mpaka wiki kadhaa, kwa sababu mafundi nao wanashuka kwa barabara ile ile tuliyoacha gari.

Msidhani nilifurahi kwamba nimeshinda. Nilikuwa naogopa. Kijiji kile kiliwahi kuishiwa dawa ya malaria katikati ya masika, kabla ya Ghala, kwa sababu hesabu ziliandikwa juu ya maboksi na mtu akayawashia moto wa kuchemshia maji. Hesabu zikapotea, maombi ya dawa yakapelekwa kwa kukisia, dawa zikaja chache. Agneta hakuwa ameanza kazi, lakini wanakijiji wanakumbuka majina ya watoto waliokosa dawa ile. Ndiyo maana nilikuwa nabishana. Na kwenye barua zote zile sikuwahi kumweleza Pilar hilo. Niliandika "mazingira".

Jioni, tukila ugali na samaki, nikamwambia Agneta kwamba nitaipigania programu yake ya zamani. Akasafisha koo.

"Mama, nisije nikakudanganya. Ya zamani nayo ina mambo yake."

"Mambo gani?"

"Nina hii kompyuta hapa, na mwenzangu ana nyingine chumba cha wazazi. Wote tunatoa dawa kabati moja. Mtandao ukirudi zikikutana, zinachanganyikiwa. Wiki jana ilinipa vidonge nisivyokuwa navyo. Nimevitafuta mpaka chini ya kitanda."

Kastori akaacha kutafuna. Hilo hatukulijua. Nikalala nalo.

Tuliporudi Ludewa mjini penye mtandao, nilifuta barua ya hasira, nikampigia Teo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mtu yule alikuwa na kipaji cha kukaa kimya hadi ukafikiri simu imekatika. Kisha akasema, "Yuditha, usiandike kwamba hupendi. Andika nini kitavunjika, kitamvunjikia nani, na mara ngapi. Basi. Na nisamehe kwa ile 'hakuna aliyepinga'. Nilipaswa kuuliza uko wapi."

Nikaandika barua fupi. Nikaeleza foleni, mtoto, maboksi, wiki za mnara. Nikaeleza kuhusu yale masika ya dawa kuisha. Halafu nikaanza kuandika kuhusu vidonge vya Agneta visivyokuwepo, na Kastori akanishika mkono.

"Dada, hilo ukiliandika unampa Pilar fimbo ya kutuchapia."

"Ni fimbo yake, Kastori. Nampa."

Nikatuma kwa kundi zima.

Pilar alijibu siku ile ile. Naikumbuka barua yake kwa sababu ilianza na kuomba radhi, na Pilar hakuwa mtu wa radhi. Aliandika kwamba kila niliposema "bila mtandao" yeye alielewa muda wa kuchemsha chai, kwa sababu vijijini kwao ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa namaanisha wiki. Tulikuwa tumegombana muda wote ule kwa neno moja, kila mmoja na maana yake mfukoni. Kisha akaendelea: "Lakini hivyo vidonge visivyokuwepo ndiyo sababu yangu mimi. Kwetu hesabu za namna hiyo ziliwahi kusababisha zahanati isiletewe chanjo, kwa kuwa kompyuta ilisema zipo. Sikutaka kuwasumbua na habari za kwetu, nikaandika tu 'matatizo'. Naweza kuzungumza na Agneta?"

Mnaona? Yeye "matatizo", mimi "mazingira".

Lupingu kulikuwa na jiwe kubwa juu ya kijiji ambako simu ilishika siku ambazo mtandao ulikuwa na huruma. Tulipanga siku, Agneta akapanda jiweni mchana, na huko kwa Pilar ilikuwa asubuhi, tunasikia majogoo. Mimi nilikuwa katikati, Njombe, nikitafsiri, jiko la mkaa miguuni. Upande wa Agneta kulikuwa na mbuzi.

"Mwambie nimefurahi kusikia sauti yake," alisema Pilar.

"Mwambie hata mimi, na aje atembee, samaki wapo," alisema Agneta.

Pilar akaeleza, nami nikatafsiri polepole. Kila kompyuta huandika kilichobaki. Moja inasema vimebaki mia, nyingine inasema vimebaki themanini, zikikutana hakuna njia ya kujua nani wa kuaminiwa, kwa hiyo Ghala inabahatisha. Kwa muda mrefu alikuwa na wazo kwamba kompyuta zisiandike kilichobaki, ziandike kila kilichotokea: nimetoa hiki, nimepokea kile. Zikikutana zinasimuliana tu, kisha zinajumlisha, hakuna wa kumkanusha mwenzake.

"Mbona hukulisema?" nikamuuliza kwa mshangao, bila kumtafsiria Agneta.

"Kwa sababu niliogopa. Kuandika kila tukio kunajaza kompyuta, na nilisikia zenu ni dhaifu. Nikaona heri tuondoe kabisa. Muulize Agneta, kwa siku anahudumia watu wengi kiasi gani?"

Nikauliza. Agneta akacheka mpaka mbuzi wakanyamaza. "Siku ya kliniki kama ulivyoona mama, panajaa. Siku nyingine nakaa nafuma. Nimeshamaliza vitambaa vya viti vya mchungaji."

Nilipotafsiri, Pilar akasema, "Basi haitajaa. Haitajaa hata miaka kumi. Yuditha, tubaki na nakala za zahanati. Zibaki, ila tubadilishe kinachoandikwa."

Kazi yenyewe ilituchukua kiangazi kizima. Yeye na watu wake waliandika sehemu kubwa ya msimbo, mimi na Kastori tukaandika sehemu ya kukutanisha nakala na kuijaribu kwenye mashine mbovu kuliko zote tulizoweza kupata. Tuliandika pia ukurasa mmoja, mimi na Pilar, tukauweka humo humo kwenye msimbo, mahali ambapo mgeni hawezi kupita bila kuuona: tumeamua nini, kwa nini, tulikataa nini, na ni jambo gani likibadilika tufikirie upya. Tulibishana kila sentensi. Pilar alitaka fupi, mimi nilitaka Lupingu itajwe kwa jina. "Wasome kwamba kuna mahali," nilimwambia, "wasidhani ni nadharia." Akakubali. Kastori alichora mchoro, kila mshale na kitenzi chake.

Na nilileta sheria moja, ikapita bila kupingwa, na safari hii niliuliza mmoja mmoja kama yupo: lolote litakaloamuliwa kwenye chati lirudishwe kwenye kundi la barua na kukaa siku za kutosha, ili aliyekatikiwa umeme naye afike. Kimya kisihesabiwe ndiyo.

Masika yaliyofuata mnara wa Lupingu ulilala muda mrefu kuliko kawaida. Sikuwa na amani. Mtandao uliporudi, Agneta alinipigia kabla hata sijauliza. "Mama! Kabati na kompyuta zimekubaliana. Nimehesabu mwenyewe na mwenzangu. Zimekubaliana!" Nyuma yake nilisikia mtu anapiga vigelegele. Nami nikapiga, ofisini, mhasibu akaja mbio akidhani kuna harusi.

Pilar alikuja kututembelea baadaye. Alishuka stendi Makambako, upepo ukachukua kofia yake, ikakimbizwa na waendesha bodaboda mpaka ng'ambo ya barabara. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akiutukana upepo kwa Kihispania. Nikamwambia, "Kamwene," kama tunavyosalimiana nyumbani, naye akajaribu kuitikia, akakosea, tukakumbatiana. Tulikwenda Mahongole, mama yangu akamwandalia viazi. Pilar akaviangalia kama mwalimu anavyoangalia daftari, akauliza aina yake, akasema kwao ziko nyingi zaidi. Mama akasema haiwezekani. Wakabishana hao wawili, bila lugha ya pamoja, kwa kuonyeshana viazi tu, na wote wawili wakiwa na furaha kabisa. Baada ya siku zile, nikisoma barua kali ya Pilar nilikuwa nasikia kicheko chake ndani yake, haikuniuma tena. Mkipata nafasi ya kukaa na wenzenu wa mbali hata mara moja, msiipoteze kwa kufungua laptopu.

Nilistaafu kwa sherehe ndogo, na mabati ya kuezekea banda, na Kastori akatoa hotuba iliyowaliza watu kwa kucheka. Teo naye aliachia funguo kwa watu wapya. Pilar sasa anafundisha chuo. Agneta amepandishwa, yuko mjini. Nikajisemea, haya, sasa tuone kama kuta zitasimama bila sisi.

Mwezi uliopita, nimetoka shambani, nikafungua barua za kundi la Ghala kama mtu anayepita kwake zamani kuchungulia. Kijana mmoja mgeni alikuwa ameuliza, na aliweka swali mlangoni: kwa nini kila zahanati inajisumbua na nakala yake? Si turahisishe, tuweke moja kwenye seva? Nikasema, Bwana wee, yameanza. Nikaanza kutafuta miwani ili nimjibu. Nilipoipata, alikuwa ameshajibiwa. Aliyejibu ni mtu wa nchi nisiyowahi kukanyaga, jina lake sijawahi kulisikia. Alieleza kila kitu kilichokuwa kwenye ule ukurasa wetu: foleni, wiki za mnara, vidonge visivyokuwepo, matukio badala ya masalio. Alieleza vizuri kuliko mimi. Na mwisho akaandika kwamba yote haya yalitokea mahali paitwapo "Lupungu".

Nikacheka peke yangu pale barazani. Kisha nikavaa miwani vizuri, nikaandika kwa kundi barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: "Ni Lupingu. Kwa herufi i."

Akanishukuru, akarekebisha. Nami nikazima mashine, nikarudi kupalilia.